Jina la Eberto Ndani ya Wimbo

"Mtaa mzima unaucheza wimbo wako, na hata mbwa hajui jina lako!"

"Si Ngurumo wanaupiga kila Jumapili? Unataka nini tena?"

"Nataka ujitaje! Umeimba 'Ngurumo, Ngurumo' mara tisa. Eberto je? Hata mara moja!"

Eberto Cassiani akahesabu kwa vidole: kweli, mara tisa. Dada yake, Nubis, alikuwa amempata pabaya.

Ngurumo ni pikó, maspika marefu kama nyumba, ya mzee Absalón. Hapa Cartagena, mwimbaji wa champeta, muziki wa dansi wa mitaani, akitaka kusikika humpa mwenye pikó wimbo wake, upigwe na pikó ile tu. Na ndani yake humsifia. Eberto alimpa Absalón wimbo kwa maneno ya mdomo tu, bila maandishi, na juu yake akashukuru.

Wiki ile kamati ya sikukuu ikamtafuta aliyeuimba. Absalón akampeleka mpwa wake, ambaye alichezesha midomo tu jukwaani huku sauti ya Eberto ikitoka kwenye maspika. Watu wakamshangilia mpwa!

Nubis akamburuta kakake hadi soko la Bazurto, kwa mama Edelmira, mchoraji wa mabango ya muziki.

"Sauti unayo, mwanangu," Edelmira alisema, brashi mkononi. "Biashara huna."

"Mimi msanii, mama. Si mchuuzi."

"Hee! Msikieni! Yule muuza samaki anataja samaki wake tangu alfajiri. Wewe unataja samaki wa jirani!"

Nubis akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wimbo ni mali," Edelmira akaendelea. "Uandikishe ofisi ya hakimiliki, upate karatasi yako. Ukimpa mtu, muandikiane. Aupige mpaka lini? Atakutaja? Na watu wajue pa kukupata. Video ya simu, bango lenye namba. Wazuri wangapi wamezeeka wakingoja kugunduliwa!"

Eberto alikasirika siku mbili. Ya tatu akaenda studio.

Katika wimbo mpya alijitaja mara mbili, kwa aibu. Akauandikisha kabla hajampa mtu. Nubis akampiga video akicheza kati ya wauza ndizi, na bibi mmoja akaingia kucheza naye. Video ile ilizunguka mji. Edelmira akachora mabango, herufi za kijani kali, namba ya simu chini.

Kamati ya sikukuu ikapiga simu, ikamwalika kwenye tamasha lake jingine. Safari hii walimtaka kwa jina.

Siku ya tamasha uwanja ulijaa. "E-ber-to! E-ber-to!" Absalón akaja mbio, mikono wazi.

"Kijana wangu! Huu mpya nipe mimi, kama zamani."

Eberto akatoa karatasi mfukoni. "Miezi mitatu, mzee. Na kila ukiupiga, unanitaja. Saini hapa."

"Karatasi? Baina yetu? Mimi nimekulea!"

"Umenilea bila jina. Wenye pikó wengine wawili wananisubiri pale."

Absalón akawatazama wale wawili. Akausikiliza uwanja. Akaomba kalamu, akasaini.

"Sasa chukua maiki, mzee, uwaambie nani anaimba."

Absalón akasafisha koo. Maspika yote ya Ngurumo yakalipuka: "Eberto Cassiani!"

Eberto hakungoja atajwe mara ya pili. Akageuka, akapanda jukwaani kuimba.