Sanduku Lililotoka Chini ya Kuku

Saa moja asubuhi, Jumamosi, kuni zilikuwa zimeshapangwa uani kwa Mzee Edward pale Kinyangiri. Kilichokosekana ni sanduku lenyewe la kuchomwa.

Hana, mdogo wake Edward, ndiye aliyekwenda kuripoti. Alimkuta Koplo Magreth anapiga mswaki nyuma ya kituo. "Afande, tumeibiwa," alisema, na Magreth akatema povu, akavaa kofia. Tangu aletwe huku kesi zake zilikuwa mbuzi na mipaka ya mashamba, kisha mbuzi tena. Leo angalau kuna jambo! Juu ya bodaboda moyo ulimdunda kwa raha mpaka akaona haya, maana mwenzake alikuwa analia.

Hana alimweleza njiani. Baba yao alifariki mwezi uliopita. Alhamisi walifungua sanduku la bati ambalo mzee hakuruhusu mtu aliguse. Ndani mlikuwa na picha za ukoo, kigoda, shanga, na pembe ya uganga ya babu yao.

"Juu kabisa palikuwa na picha ya mama, jina lake limeandikwa pembeni," Hana alisema. "Mama alifariki mimi bado nanyonya, sijawahi kumwona. Nilimwona Alhamisi, kufumba na kufumbua, kaka akafunga sanduku, akalipeleka stoo. Kwenye picha mama amesimama na babu, na babu kashika pembe. Kaka akasema hayo ni mambo ya mizimu, vyote vichomwe. Yeye ni mzee wa kanisa, ametangaza mbele ya watu. Saa nne kwaya inakuja."

"Kwa hiyo likipotea, wewe ndiye unayenufaika."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Watu watasema ni mimi, najua. Lakini nisipoliona, afande, sina mama mwingine wa kumtazama."

Edward aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya ni mambo ya familia, binti yangu. Kwani si tulikuwa tunavichoma? Mwizi katupunguzia kazi."

"Stoo uliingia lini mara ya mwisho?"

"Alhamisi, nilipoliweka hilo sanduku. Sijarudi tena."

"Usiku wa jana mlilala akina nani?"

"Mimi na Hana tu. Mke wangu aliondoka jana mchana, yuko Singida Mjini kwa binti yetu aliyejifungua."

"Unamshuku nani?"

Edward alimtazama Hana, kisha akatazama chini. Hana aliumia, na uso haukuficha.

Stoo haikuwa na kufuli. Kwenye kona palibaki alama ya sanduku katika vumbi, na kando yake karai bovu lenye majani, kuku mwekundu anaatamia. Magreth alipoinama tu, kuku alivimba akamdonoa kidole, damu ikatoka.

"Huyo hana adabu," Hana alisema. "Jana siafu waliingia humu, wifi akampandisha na karai lake juu ya sanduku. Alidonolewa, akasafiri na kitambaa mkononi."

Magreth alisahau kidole chake. Kumbe aliyechukua sanduku alianza kwa kumshusha kuku huyu! Na alimshusha vizuri, hakuna yai lililopasuka. Tena pembeni ya karai kulikuwa na bakuli la maji safi, bado limejaa. Mwizi gani anamwekea kuku maji?

"Naomba nione mikono yenu," alisema. Ya Hana ilikuwa mizima, haina hata mkwaruzo. Ya Edward pia.

Alibaki Simeoni, dalali wa vitu vya kale kutoka Manyoni. Tangu Alhamisi alikuwa akibembeleza auziwe kile kigoda, na alilala kwa jirani. Walimkuta kituo cha basi amekalia gunia lililojaa hadi juu, na alipoona kofia ya polisi akasimama. Magreth alilifungua gunia kwa pupa. Vitunguu. Vitunguu mpaka chini. Na mikono ya Simeoni ilikuwa mizima vilevile, ila hiyo haikumfanya aache kulalamika.

Magreth aliwarudisha wote stoo.

"Kila mmoja anyanyue karai, aliweke mezani."

Simeoni alijaribu, akadonolewa, akaruka nyuma na kumtukana kuku. Hana akashika kingo mbili. Kuku akamvaa mkono, karai likainama, yai moja likaanguka likapasuka.

"Mtaniulia vifaranga, ninyi!" Edward alisogea upesi. Kiganja kimoja alikiweka kati ya Hana na kuku wasionane, akakishusha taratibu juu ya macho ya kuku; mkono wa pili akaupitisha chini ya karai. Kuku alinyamaza kabisa. Karai likafika mezani bila yai kutikisika.



"Asante, mzee," Magreth alisema. "Mwizi wa jana alifanya hivyohivyo."

"Kumjua kuku si wizi."

"Si wizi. Lakini ulisema hujaingia humu tangu Alhamisi, na haya maji ni ya leo. Mkeo hayupo. Hana umemwona kwa macho yako, hamuwezi. Nyumba ililala watu wawili, mzee, na mmoja tu ndiye anayekubaliwa na huyu kuku."

Edward aliketi juu ya gunia. "Liko chumbani kwangu," alisema. "Nyuma ya magunia ya alizeti."

"Kwa nini, kaka?"

"Niliingia usiku kuangalia kama kuna hati za shamba kabla hatujachoma. Nikaishika ile picha. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minane, Hana. Nilimlilia sana. Jana nilimtazama nikashindwa kumtambua, mpaka nilipoona ana macho yako. Mama yangu mzazi nimemsahau. Ningemchomaje?"

"Si ungesema."

"Maji nilishayavulia nguo. Nimetangaza kanisani, wamekubali, wamepanga na nyimbo. Ningewaambia nini? Nikaona kama limeibwa, basi, yameisha."

"Yameisha kwako," Hana alisema. "Umeulizwa unamshuku nani, ukanitazama mimi. Mbele ya polisi."



Nje kwaya ilishaingia uani, na mtu alikuwa anauliza kiberiti kiko wapi. Magreth alikwenda chumbani, akalitoa sanduku, akalifungua. Hana alichukua picha kwa mikono miwili. Aliitazama sana, akaigusa shavuni kwa kidole, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akampa kaka yake.

"Si unajua kutangaza?" alimwambia. "Katangaze."

Edward alitoka. Alisimama mbele ya zile kuni, picha ameishika kifuani, imewaelekea watu.

"Huyu ni mama yetu," alisema. "Hana hajaiba kitu. Mwizi ni mimi."