Daraja Sifuri

Wavu wa nuru ulishuka kutoka kwenye mashine ya hospitali ukatua kifuani mwa Bi Mwanahamisi, na papo hapo moyo wake ukaonekana hewani, mwekundu, mkubwa kama fenesi. Vyumba vya chini vilijitahidi kupiga. Vya juu, lahaula! vilitetemeka ovyo kama nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi.

Mwanaidi, bintiye, mate yalimkauka. Mhandisi mzima, aliyeiunda Kipimamoyo hii kwa mikono yake, leo anaiogopa!

Alijua picha haitoshi. Wapo wenye mtetemo huohuo wanaocheza mpira, na wapo wasioweza hata kujifunga kanga. Kwa hiyo aliifundisha mashine imuulize mgonjwa na imsadiki, kisha ndipo itoe daraja, sifuri hadi nne. Kuanzia la tatu, mtu hulazwa. Chini ya hapo, hurudi nyumbani.

"Shikamoo, bibi. Hujambo?" mashine iliuliza.

"Marahaba. Sijambo, mwanangu."

"Moyo unakwenda mbio?"

"Aa, si haba. Tunamshukuru Mungu."

"Na pumzi?"

"Salama."

"Daraja sifuri. Nenda nyumbani, bibi."

Mwanaidi aliruka. "Mama! Wiki nzima unalala umekaa kitini! Jana ulipumzika mara tatu toka jikoni hadi uani! Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Ala! Mtu anakuamkia, wewe umjibu maradhi?" Bi Mwanahamisi alihema, midomo imeanza kubadilika rangi. "Kwanza unamjibu salama. Akiketi, akikuuliza tena, ndipo unamwambia."

Mwanaidi alivuta kiti akaketi. Akaushika mkono wa mama yake, baridi, umelowa jasho.

"Mama, nimeketi. Hali yako vipi?"

Bi Mwanahamisi alimtazama, macho yakajaa machozi. "Nakufa, mwanangu. Naogopa."

Mwanaidi aliifuta ile sifuri, akaandika nne, akapiga kengele mpaka kidole kikamuuma. Daktari wa zamu alikuja mbio na wauguzi wawili, wakamsukuma mama hadi chumba cha dharura. Dakika kumi zaidi, daktari alisema baadaye, wangekuwa wanazungumza mengine.

Lakini Mwanaidi hakupata nafasi ya kushukuru. Woga mwingine ulikuwa umemshika. Tangu mashine ianze kazi, miezi minne sasa, imeuliza watu wangapi mara moja tu?

Alifungua orodha ya sifuri. Watu elfu sita na ushei. Akapiga simu kwa wa juu kabisa katika orodha, Mzee Shekue wa Pongwe. Alipokea mwanamke.

"Hamjambo huko?" Mwanaidi aliuliza.

"Hatujambo, dada. Za kwenu?"

"Nzuri." Kisha akauliza tena kama alivyofundishwa leo. "Na mzee, anaendeleaje?"

"Mzee tulimzika Jumatano."