Mfuko wa Masikio

Ng'ombe hajui kukimbizwa.

Hukimbia akitaka, husimama akitaka, na akiona jani bichi katikati ya kiangazi hata bunduki haimwondoi hapo. Yahaya aliivuta kamba. Mtamba naye akavuta upande wake.

Risasi ya Mauser ikapasua tawi la mgunga juu ya kichwa chake.

Mtamba akaelewa. Wakakimbia.

Nyuma yao, kwenye vumbi jekundu la njia ya Makutupora, walikuja askari wa Shaushi Mustapha. Kazi yao ilikuwa kulinda kituo cha mifugo cha Daktari Ostermann. Leo kazi ilikuwa nyepesi zaidi: kumuua ng'ombe mmoja na kumkamata mtu mmoja.

Yahaya alijitupa nyuma ya jabali, akatoa darubini yake ya Zeiss. Hakuwatazama askari. Alikitazama kilima cha upande wa Nkuhungu, mbali kule kusini. Jiwe, kichaka, jiwe.

Hakuna kitu.

Kwenye karatasi za serikali Yahaya alikuwa karani wa forodha, mzaliwa wa Kondoa, aliyesoma shule ya Wadachi Tanga. Karatasi zilisema nusu ya kweli. Mwajiri wake hasa alikuwa ofisi moja ya Dar es Salaam isiyo na kibao mlangoni. Simu ya ofisi hiyo ilimfikia Dodoma mwanzoni mwa wiki, kwa waya mpya uliofuata reli:

SHANGAZI MGONJWA. MPELEKEE BABU DAWA KABLA HAJAONDOKA.

Shangazi alikuwa Ostermann. Babu alikuwa Profesa Hartleben, aliyetumwa na chuo kikuu kutoka Ulaya kuja kumchunguza. Dawa ilikuwa ushahidi.

Ostermann alikuwa ametangaza kwamba amepata sindano ya kukinga sotoka, tauni ya ng'ombe. Wakati wa masika aliwadunga ng'ombe wa zizi la mfugaji Methusela, akawatoboa masikio kwa koleo lake maalumu linalotoboa tundu la pembe nne, akawavika visahani vya shaba. Wote wazima, aliandikia chuo. Kumbe walikufa karibu wote. Alivivua visahani, akachoma mizoga, akatuma askari Kondoa kunyang'anya ng'ombe wengine, akawavika hao visahani vilevile. Methusela alipouliza, alifungwa minyororo kwa shtaka la kuroga na kulisha mifugo sumu. Angenyongwa kesho. Na Jumatatu sindano zingeanza kwa ng'ombe wote wa Ugogo.

Msaidizi wa Ostermann, kijana Reuss, alikuwa amepeleka malalamiko chuoni. Chuo kilimjibu kwa utaratibu wake. Malalamiko yalirudishwa kwa Ostermann ayajibu mwenyewe. Kamati ya rafiki zake ikaona kwamba hapakuwa na kosa, ila wivu wa vijana. Reuss akafukuzwa. Isingekuwa Gavana kutia shaka juu ya hao ng'ombe wa Jumatatu, Hartleben asingepanda meli.

Darubini ikanasa mwanga.

Mara moja. Mara mbili. Kipande cha kioo juani, kwenye mkono wa mwanamke.

Mke wa Methusela amepita, askari wote wakiwa huku.

Yahaya akairudisha darubini mfukoni, akaifukia bastola yake ya Browning chini ya jabali, akampapasa mtamba shingoni. Kisha akasimama, mikono juu.

Shaushi Mustapha alifika akihema. Alimwambia kwamba amewaona wezi wengi wa ng'ombe, ila huyu ndiye wa kwanza kuvaa koti la mshono wa kizungu. Yahaya akajibu kwamba yeye naye ameona mashaushi wengi, ila huyu ndiye wa kwanza kushindwa mbio na mtamba. Kwa jibu hilo alipata kitako cha bunduki tumboni.

Mustapha akageuza bunduki. Akampiga mtamba risasi kwenye paji, akainama, akakikata kisahani cha shaba.

"Ushahidi wako huo," alisema. "Ule nyama."

Mtamba alikuwa wa Mzee Abbasi wa Kondoa, jirani wa baba yake. Yahaya alilitazama sikio lenye mkato, alama ya ukoo ule, akayaweka moyoni yale aliyoyaona, akatembea mbele ya mitutu kuelekea Dodoma.

Profesa Hartleben alifanyia shauri lake bomani, mchana, mlango wazi kwa ajili ya hewa. Alikuwa mzee msafi mwenye saa ya Junghans mezani. Ndiye aliyemfundisha Ostermann. Jina lake lilikuwa la pili kwenye makala ya Ostermann kuhusu sindano. Tangu ashuke kwenye treni alikuwa akilala nyumbani kwa huyo aliyekuja kumchunguza na kula mezani kwake, na hakuna aliyeona ajabu.

Bwana Shauri, mkuu wa boma, alikaa pembeni akijipepea. Methusela alisimama kati ya askari wawili, shingo kwenye pete ya chuma.

Ostermann alieleza kwa upole. Ng'ombe wote waliodungwa wako hai. Visahani vipo, namba zipo. Huyu karani alikamatwa akiiba mmoja wao.

"Hakuna hata mmoja aliyekufa?" aliuliza Yahaya, kwa Kijerumani safi kilichomfanya Profesa ainue macho.

"Hakuna."

"Na koleo la kutobolea masikio? Wafugaji wanalo?"

Ostermann akacheka. Alisema alilibuni yeye, likafuliwa Ulaya, na hapa nchini halina mwenzake. Hulala kwenye kasha lake na ufunguo hulala mfukoni mwake.

"Ahsante, Bwana Daktari."

Mlangoni palizuka ubishi. Mwanamke wa Kigogo mwenye ungo kichwani alikuwa akimwamkia kila askari, mmoja mmoja, kwa heshima iliyowachosha. Alisema ameleta mlenda wa mumewe, maana hata wa kunyongwa hula. Askari alichomeka singe katika majani makavu, akaona majani, akampisha.

Raheli, mke wa Methusela, aliutua ungo juu ya meza, kando ya saa ya Junghans. Akaukung'uta mlenda. Chini yake palikuwa na mfuko wa ngozi ya mbuzi.

Akaumimina.

Masikio. Makavu, meusi, magumu kama soli. Kila moja na mkato wa mwenyewe. Kila moja na tundu la pembe nne.

"Haya ni nini?" Profesa aliuliza.

Yahaya akamweleza. Huku ng'ombe wa mtu hawalali zizi moja. Huwagawa kwa marafiki na shemeji, ili njaa au ugonjwa ukipiga zizi hili, lile libaki. Nusu ya zizi la Methusela ilikuwa mali ya watu wengine. Na ng'ombe wa kutunziwa akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi na masikio, auone mkato wake. Asipofanya hivyo, amekula ng'ombe wa watu. Daktari alichoma mizoga. Hakujua kwamba Methusela alikwisha kata masikio kabla ya moto.

Bwana Shauri aliacha kujipepea.

"Mtu yeyote anaweza kutoboa tundu," alisema Ostermann.

"Kwa koleo lisilo na mwenzake?"

Mkono wa Ostermann ukaenda kwenye mfuko wa ufunguo.

Profesa aliokota sikio moja, akapitisha kidole kwenye tundu, pembe kwa pembe. Yahaya alimtazama usoni na akaona kwamba ameelewa yote. Akaona pia kwamba kuelewa hakukumshtua. Alikuwa anajua tangu Ulaya.

Profesa akaomba chumba kiachwe kwake, Bwana Shauri na huyu karani.

"Chuo chetu kina umri wa karne nne," alisema, mlango ulipofungwa.

"Methusela ana shingo moja."

Profesa akavua miwani, akaifuta. Alizungumza kama mtu anayepanga mizigo. Sindano za Jumatatu zitasitishwa, kwa sababu ya ugumu wa usafirishaji. Methusela ataachiwa, kwa huruma, na karani pia. Daktari Ostermann ataitwa nyumbani, ambako kiti cha uprofesa kinamsubiri tangu mwaka jana. Masikio yatakuwa mali ya chuo, ndani ya kasha lililotiwa lakiri. Hakuna atakayeandika neno.

"Na Reuss?"

"Hilo limekwisha kuamuliwa."

"Na kama sikubali?"

"Basi nitaona masikio haya hayathibitishi kitu. Jumatatu si mbali."

Ofisi isiyo na kibao haikumtuma Yahaya kuleta haki. Ilimtuma kuzuia sindano.

"Simu ipigwe kwanza," alisema. "Pete itoke shingoni nikiona. Kisha masikio nitayafunga kashani mwenyewe."

Bwana Shauri aliiandika amri. Waya ukaipeleka, na jibu la Dar es Salaam likarudi kabla chai haijapoa: SINDANO ZIMEKOMA. SHANGAZI AMEPONA. SAHAU.

Treni ya pwani iliondoka alasiri. Hartleben na Ostermann walikaa behewa moja la daraja la kwanza, dirisha moja, kasha la bati katikati yao likiwa na lakiri nyekundu ya chuo. Ostermann alikuwa akieleza jambo. Profesa alikuwa akicheka.

Nje ya kituo Methusela alikuwa amekaa chini, akijipapasa shingo. Hakumshukuru mtu. Alisema kunyongwa kungekuwa heri. Sasa atakwenda vipi kwa wenye ng'ombe mikono mitupu? Atawaambia masikio yao yamekwenda Ulaya? Watamwita mwizi, yeye na wanawe.

Yahaya alitoa mfuko wa ngozi ya mbuzi ndani ya koti, akamwekea mapajani.

Methusela akaufungua. Akatia mkono. Akahesabu kwa vidole, bila kutazama, akitaja majina ya wenyewe.

"Na kwenye kasha?" Raheli aliuliza.

"Makubazi yangu. Niliyakatakata vizuri."

Raheli aliitazama miguu yake. Ilikuwa mitupu, nyekundu kwa vumbi.

"Mrangi wewe," alisema, "na hiyo miba ya Kondoa?"

Kwenye mfuko wa koti Yahaya alikuwa na sikio moja ambalo halijakauka, lenye mkato wa Mzee Abbasi. Alilikata mwenyewe kwa wembe, Mustapha alipokuwa akisubiri askari wake wamchune mtamba. Mwenye ng'ombe alipaswa kulipata.

Akafunga kifungo cha koti na kushika njia ya kaskazini, bila haraka, huku moshi wa treni ukiishia mashariki.