Mstari Mwekundu Juu ya Nati

Saa moja na nusu asubuhi kila mtu mjini huamini kwamba yeye peke yake ndiye aliyechelewa. Kwenye makutano makubwa ya taa magari yalikuwa yamebanana, honi zinapokezana, na katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamume mwenye ovaroli ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikaweka mkunjo mguuni. Mkono mmoja ulishika baiskeli, wa pili ulishika mnyororo uliochomoka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepakatishwa mtoto asiyemjua.

Aliyekuja nyuma yake alikuwa fundi wa baiskeli, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, suruali ya jinzi imekunjwa mguu wa kulia, kitambaa cheusi kimefungwa kichwani, na chini ya kucha grisi ambayo sabuni zote zilishashindwa kuitoa. Alifunga breki za baiskeli yake, nusura amparamie.

"Sogea pembeni, kaka," alimwambia. "Utagongwa na huo mnyororo mkononi, halafu watu waseme ulikuwa unaiba."

Mwanamume akasogea. Baiskeli ikapinduliwa magurudumu juu, na taa zilipogeuka kutoka nyekundu kwenda kijani na kurudi nyekundu, mnyororo ulikuwa umesharudi mahali pake. Fundi akaikagua bila kuulizwa. Ilikuwa baiskeli ya mlimani kwa sura tu: fremu nene, tairi za meno zilizolika katikati kwa lami, breki za waya zinazopiga kelele, pedali za plastiki. Aliuliza kaitoa wapi. Akajibiwa kwamba ni ya kwanza maishani, ina miezi minne, na ni ya kwendea kazini. Kazi gani? Fundi wa lifti. Kisha yule mwanamume akasema, bila kutabasamu hata kidogo, kwamba kutwa nzima anawapandisha wenzake juu bila jasho, lakini yeye mwenyewe anafika kazini amelowa chapachapa. Fundi alicheka peke yake mpaka alipofungua karakana.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu kati ya duka la dawa na duka la kutoa nakala la dada yake. Dada huyo alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitano na kwa midomo kumi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba mteja wa ovaroli ya kijivu huja kila Jumamosi ya pili, na huja amenyoa.

Fundi alikuwa na utaratibu wake wa kuboresha baiskeli, na hakuuvunja kwa mtu yeyote. Habadilishi vyote kwa mkupuo. Anauliza kinachouma, anabadilisha hicho kimoja, anamwacha mtu aendeshe wiki mbili, kisha anauliza tena. Kwa Bwana Lifti, kama alivyoanza kumwita, kilichouma kwanza kilikuwa makalio, likaja suala la kiti. Zikafuata pedali za chuma zenye vijino. Zikafuata tairi alizozichagua kwa makini, laini katikati kwa ajili ya lami, meno pembeni kwa ajili ya udongo, kwa sababu mwanamume alisema anataka siku moja aache lami aone kuna nini huko. Waya za breki zikatoka, zikaingia breki za mafuta. Kati ya breki na gia walianza kupigiana simu jioni, na kati ya gia na usukani mpana aliacha kumwita "fundi," akawa anamwita "fundi wangu." Yeye akajifanya hakusikia, ila kesho yake aliosha kile kitambaa cheusi.

"Umependwa," dada yake alimwambia.

"Nimepata mteja mzuri."

"Mteja mzuri haleti sambusa mbili na kusema moja imezidi."

Kilichobaki mwisho kilikuwa shingo la usukani, kile kipande kinachoshika usukani juu ya gurudumu la mbele. La zamani lilikuwa refu. Kwa njia za mlimani linatakiwa fupi. Siku ya kulifunga, mwanamume alikaa kwenye kigoda akimsimulia habari za mkurugenzi mmoja aliyekwama kwenye lifti saa mbili nzima na mwanasheria wa mkewe, wakatoka humo marafiki, kesi imekwisha. Fundi alicheka mpaka machozi, spana mkononi. Akafuta macho, akamalizia kazi, akamwambia sasa baiskeli imekamilika.

Hapo ndipo mwanamume alipoomba kwenda naye mlimani. Fundi alikuwa akipanda kilima cha nyuma ya mji kila Jumapili alfajiri, peke yake. Kukataa kwake kulikuja haraka mno, hata yeye aliona.

"Mlimani sipeleki mteja," alisema. "Kule kila mtu anakaza nati zake mwenyewe."

Hakumweleza sababu. Zamani aliwahi kumpeleka mtu, mteja aliyegeuka mchumba. Miaka miwili alikuwa akimzibia pancha, akimrudishia mnyororo, akiitwa kila kitu cha baiskeli kinapolia. Halafu yule mtu akanunua gari, na simu zikakoma. Mwanamke mwenzake angalau angemtukana. Gari utalitukana vipi? Tangu hapo alijiapiza kwamba hatapendwa tena kwa sababu ya spana.

Bwana Lifti aliitikia tu kwa kichwa. Kisha akapotea. Jumamosi ya pili haikumleta, wala iliyofuata. Simu za jioni zilibaki, lakini zilikuwa fupi. Alisema ametingwa, na nyuma yake kulisikika vyuma vinagongana. Fundi alisema haya, akakata, akakaa akiitazama simu.

Wiki ya tano, siku ya Ijumaa, aliileta baiskeli asubuhi, akaomba itazamwe breki, akakimbilia kazini. Fundi aliipandisha kwenye stendi na mara moja akajua kwamba imeshikwa. Waya wa gia ulikuwa mpya, na ncha yake haikukatwa kama akatavyo yeye. Kwenye ekseli kulikuwa na grisi ya rangi nyingine. Na juu ya kila nati, kuanzia pedali mpaka shingo la usukani, palikuwa na mstari mdogo mwekundu unaong'aa. Alikwangua mmoja kwa ukucha.

Dada yake, aliyekuja kuomba maji ya kunywa, hakuhitaji kukwangua.

"Hiyo rangi ya kucha," alisema. "Na si ya bei rahisi."

Fundi alijua jina la kilichompata, akaliona la aibu. Mwanamke amekaa na baiskeli hii. Amekaa nayo kwa muda, ameipamba nati moja baada ya nyingine, na mwenye baiskeli akimtazama na kucheka. Kwenye shingo la usukani mstari ulikuwa hata haukunyooka. Nusu moja ilikuwa huku, nusu nyingine kule. Hata kupaka hajui, fundi aliwaza. Akalowesha kitambaa kwa thina, akaifuta yote. Spana hakuigusa. Nati zile alizikaza yeye, na mkono wake aliuamini.

Jioni mwanamume alipokuja, fundi alimuuliza kabla hajasalimiwa.

"Nani ameishika hii baiskeli?"

Yule mtu akaangalia viatu vyake. "Nitakwambia Jumapili," alisema.

"Jumapili kuna nini?"

"Si nitakwambia hiyo Jumapili, mpenzi."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, na aliichagua saa mbaya.

"Basi kampelekee aliyeipaka rangi," fundi alisema. "Mimi sigusi baiskeli ya mafundi wawili."

Mwanamume akasukuma baiskeli yake mpaka barabarani. Usiku ule simu iliita mara sita. Fundi aliifukia chini ya boksi la tyubu, akalala akiwa macho.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mfanyabiashara wa vipuri, ghorofa ya sita ya jengo la maofisi. Alipomaliza kuchukua mzigo akakuta lifti imefungwa kwa matengenezo, mlango wa chumba cha mashine uko wazi, na ndani amekaa mzee mnene wa ovaroli ya kijivu akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Fundi angepita zake kwenye ngazi. Kilichomsimamisha kilikuwa mashine. Kila nati yake ilikuwa na mstari mwekundu.

Alisalimia, akauliza ile mistari ni ya nini. Mzee alifurahi kuulizwa. Kazi yao watu huikumbuka ikiharibika tu. Akaeleza kwamba ukishakaza nati unapiga mstari mmoja unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika, nusu inakwenda huku nusu inabaki kule. Mkaguzi haulizi mtu, anatazama tu.

"Na hii rangi?" fundi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ya kucha." Mzee akacheka. "Mwenzangu alichoka kusubiri rangi ya kampuni. Akaenda dukani akanunua chupa tatu, muuzaji akamuuliza anataka na ya midomo. Leo kaomba ruhusa, yuko mlimani. Anajifunza njia, kesho ana mtu wa kumwonyesha. Mwezi mzima anafungua baiskeli na kuifunga hapa saa ya chakula na jioni, mpaka mimi nimejua gia ni nini. Lakini leo kaondoka na sura ya msiba."

Fundi hakusikia ya mwisho. Alikuwa anauona tena akilini ule mstari wa kwenye shingo la usukani, nusu huku, nusu kule. Haukupakwa vibaya. Ulikuwa umekatika. Nati ile aliikaza yeye, siku ya kicheko, na kumbe hakuimaliza; na alama pekee iliyokuwa ikipiga kelele kwamba imelegea aliifuta kwa kitambaa, kwa wivu. Shingo likicheza kwenye mteremko, mikono inakata kulia na gurudumu linakwenda linakotaka.

Alimpigia palepale. Simu haikupatikana. Mzigo wa vipuri aliuacha miguuni kwa mzee, akashuka ghorofa sita bila kuhesabu ngazi, akarukia baiskeli yake.

Kilima kile alikuwa akikipanda kwa dakika arobaini. Siku hiyo hakujua amekipanda kwa ngapi. Njia ilipita kwenye mikaratusi, mawe na mizizi, na kila kona aliangalia chini kabla ya kuangalia mbele, akitafuta rangi ya kijivu kwenye majani. Alimpenda yule mtu. Alilisema hilo kwa sauti, akihema, na hapakuwa na wa kumsikia ila ndege.

Alimkuta kileleni, pale njia inapoanza kuteremka. Alikuwa amekaa chini, amevua shati la juu la ovaroli na kulitandika, na juu yake spana zimepangwa kwa ukubwa kama kazini. Shingo la usukani lilikuwa mkononi mwake.

"Usishuke," fundi alisema, na pumzi zikamwishia.

"Sijamaliza," mwanamume alijibu. Hakuinuka.

"Nilifuta mistari yako."

"Nimeona. Nimefika hapa, nikaangalia, haupo hata mmoja. Kwetu mstari ukifutika, nati zote zinahesabika hazijakazwa. Nimeanza upya."

"Hiyo ya shingo?"

"Ilikuwa inacheza."

"Niliikaza mimi."

"Najua. Siku ile ulikuwa unacheka."

Fundi alikaa chini, mbali naye kidogo. "Nilidhani kuna mwanamke," alisema.

"Yupo. Alikataa kunileta mlimani kwa sababu mimi ni mteja. Nikaona nijitoe kwenye uteja, nijifunze kukaza mwenyewe, kesho nimtokee hapa." Akaligeuza shingo la usukani mkononi. "Ungeniuliza ile mistari ni ya nini."

"Nilikuuliza."

"Uliuliza kama askari."

Ilikuwa kweli. "Niliona wivu," alisema. "Na wivu wangu ungekuua. Nisamehe."

Mwanamume alirudisha shingo mahali pake, akakaza nati moja baada ya nyingine, akajaribu usukani kwa uzito wake wote. Kisha akatoa kichupa kidogo mfukoni, akapiga mistari taratibu, akaipuliza ikauke. Ndipo akasema kwamba iliuma, ile Ijumaa iliuma sana, na kwamba asirudie. Fundi akasema hatarudia.

Halafu fundi akaivuta baiskeli yake, ile ya zamani aliyoijenga mwenyewe, ambayo kwa miaka tisa hakuna mkono mwingine uliowahi kuitia spana. Akailaza mbele yake.

"Shingo langu pia linahitaji kukazwa," alisema. "Kaza."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Alikaza. Alichukua muda mrefu kuliko inavyotakiwa, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, kisha akapiga mstari mmoja mwekundu, umenyooka. Wakapanda. Fundi, aliyezoea kutangulia, alimpisha. Wakateremka kati ya mawe na mizizi, mwanamume akiogopa waziwazi na hajifichi, breki zikinong'ona, mpaka njia ikatulia kwenye uwanda wa chini.

Pale mwanamume alisimama, akageuka, jasho limemjaa usoni. "Umeikagua kabla ya kushuka? Nilipokaza?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Sikuikagua."

Alimtazama huku anaelewa polepole. Akaweka baiskeli chini kwa uangalifu, akamwendea, wala hakuuliza tena.