Tundu la Sakafuni

Jua lilikuwa linazama Kinyozi alipofunga mlango wa gari-nyumba kwa ufunguo, akautia mfukoni, akavuka uwanja kwenda kwa fundi. Taa za ndani zilikuwa zinafifia kila jioni, na yeye hajui hata betri yake imekaa wapi. Ndani alimwacha Bosi. Bosi ni binti yake wa miaka sita, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuamrisha watu wazima, na siku hiyo mafua yalikuwa yamemlaza fofofo. Maharage yalikuwa jikoni, moto mdogo. Dakika kumi tu, Kinyozi alijiambia.

Msimcheke. Alilinunua lile gari kuukuu, lenye vitanda, jiko na sinki, kwa sababu mkewe alikuwa amelazwa hospitali ya mbali na kwao. Mimba ilikuwa imemsumbua, na madaktari walisema asiinuke kitandani mpaka ajifungue. Sasa kulipa gesti miezi miwili? Angeuza hadi mikasi! Basi akaliegesha uwanjani nyuma ya hospitali, akawa anajifunza kulitumia kwa jasho. Leo kasahau kumwaga tangi la maji machafu, linanuka mpaka majirani wanaziba pua. Kesho pampu inanguruma na bomba halitoi hata tone. Fundi wa gereji ya pale alishachoka kumcheka.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia fundi. Aliona haya.

Sakafuni, karibu na kitanda cha Bosi, kulikuwa na tundu pana kama kiganja, lenye wavu wa chuma. Upepo ulipenya humo, mtoto akawa anakohoa. Siku ya kwanza Kinyozi akaliziba kwa kitambaa. Asubuhi akakikuta kitambaa mezani, kimekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe.

"Bosi, umekitoa wewe?"

"Mimi? Mimi hata sijui kukunja, baba."

Na kweli hajui. Nguo zake mwenyewe zilikuwa vurugu tupu.

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu alilala macho, gizani, anasikiliza.

Kwaruu... kwaruu...

Kucha. Chini ya sakafu.

Kisha ikaja harufu ya mafuta ya nywele. Mafuta ya kike, ya zamani, yaliyoanza kuchacha. Kinyozi hadanganyiki kwa harufu za nywele. Alitaka kuwasha taa, mkono ukagoma.

Mchawi, akasema moyoni. Kuna mtu anamtaka mwanangu.

Siku ya nne akatafuta ubao, akaukaza juu ya tundu kwa skrubu nne. Akafunga na madirisha yote. "Haya, ingia sasa tukuone," akasema kwa jeuri. Na siku yenyewe ndiyo hiyo ya maharage.

Fundi alimsikiliza habari za taa, akamwelekeza kwamba betri iko chini ya kiti cha dereva, pengine vichwa vyake vimeota kutu. "Visugue tu, zitawaka. Kingine?"

Kinyozi akacheka kicheko cha aibu, akamsimulia kuhusu kitambaa. Fundi hakucheka. Aliweka spana chini.

"Umeliziba lile tundu?"

"Kwa ubao. Nimeukaza."

"Na jiko?"

"Linawaka. Nina maharage..."

"Kimbia! Kimbia, bwana!"

Walikimbia wote wawili, fundi akihema maneno vipande vipande. Tundu lile limewekwa makusudi. Jiko likiwaka hula hewa, na hewa mpya huingia hapo. Ukiliziba, ndani hujaa sumu isiyoonekana wala kunuka. Inamlaza mtu, haamki tena.

"Ilishatokea," fundi akasema. "Gari hilohilo, kabla hujalinunua. Mtoto wa kike, alikuwa anaona baridi, mama yake akaziba kwa kitambaa. Mimi ndiye niliyeitwa kuvunja mlango. Mama nilimkuta hai. Amekaa sakafuni, anakikunja kile kitambaa, anakikunjua, anakikunja... Naye hakumaliza mwezi."

Kinyozi akauparamia mlango. Ufunguo ulimponyoka mara mbili.

Mlango ukafunguka, joto likampiga usoni. Jiko lilikuwa limezimwa. Kitanda kilikuwa kitupu.

"Bosi!"

Akatazama sakafuni.

Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani. Kando yake kitambaa, kimekunjwa mara nne, na juu ya kitambaa skrubu zote nne zimepangwa mstari. Ubao ulikuwa umejaa mikwaruzo. Kwenye mkwaruzo mmoja ulikuwa umenasa ukucha mzima.

"Baba..."

Sauti ilitoka nje. Bosi alikuwa ameketi nyuma ya gari, ameegemea gurudumu, anapiga miayo. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na haukutoka mfukoni mwa baba yake. Madirisha yalikuwa bado yamefungwa kwa ndani. Kinyozi alimnyanyua mtoto akalia waziwazi, hakujali fundi anamwona. Alikuwa amekaribia kumuua kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akahisi kichwa cha Bosi chini ya kidevu chake.

Kilikuwa kimesukwa, mistari myembamba, iliyonyooka. Na kinanuka yale mafuta.

"Nani kakusuka?" alinong'ona.

"Yule mama wa chini."

"Kakwambia nini?"

"Nisilale tena." Bosi akafikiri kidogo. "Halafu akaniita. Jina la mtu mwingine."

"Jina gani, mwanangu?" fundi akauliza taratibu.

Bosi akalitaja. Fundi akashika gari kwa mikono miwili. "Ndilo jina la yule mtoto aliyekufa," akasema.

"Na wewe ukafanyaje?" Kinyozi akauliza.

"Nikaitika."

Kinyozi alizifumua zile nywele jioni ileile. Gari akaliuza kama chuma chakavu, alikataa kumwuzia mtu wa kulala humo. Mkewe akajifungua salama, wakarudi kwao. Kinyozi anamshukuru yule mama, na husema hivyo bila kuficha: asingekuwa yeye, angemzika Bosi. Anamshukuru na anamwogopa. Maana dirisha la chumba cha Bosi analifunga yeye mwenyewe kila jioni, na kila asubuhi analikuta wazi.

Jana magharibi alikuwa sebuleni na mkewe, mkewe ananyonyesha. Bosi alikuwa chumbani anachora. Nyumba ilikuwa imetulia.

"Abee, mama!"

Mkewe akainua uso. "Umemwita Bosi?"

"Hapana. Si umemwita wewe?"

"Mimi sijafungua mdomo."

Wakasikia miguu midogo ikikimbia. Haikuwa inakuja sebuleni. Ilikuwa inakwenda dirishani.