Kitanda cha Tatu

Walikutana wakigombana, na wa kulaumiwa ni lifti. Saa mbili asubuhi ukumbi wa hospitali ulikuwa umefurika wagonjwa na ndugu zao waliobeba mabakuli ya chakula, na katikati ya fujo hiyo mwanamume wa ovaroli ya buluu alikuwa amelala chali, nusu yake ndani ya lifti, nusu yake nje.

“We kaka, utamaliza leo au tukuletee godoro?” aliuliza muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake. Sare yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka, na kwapani amebana ratiba ya zamu za mwezi mzima.

“Godoro sitalikataa, dada. Ilimradi ulilete mwenyewe.”

Watu wakaangua kicheko. Muuguzi akapanda ngazi ghorofa tano amenuna, na alipofika juu akajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Miezi minane baadaye alikuwa anamwita Fundi, na Fundi anamwita Bi Ratiba, maana hapakuwa na mtu aliyependa kupanga mambo kama yule mwanamke. Zamu za wauguzi ishirini alizipanga yeye na kuzibandika ukutani yeye, na zikishabandikwa hazibadilishwi hata aje nani. Ndiyo maana Fundi alipomwomba wikendi moja tu, siku mbili kwenye mji wa bandari, ilimchukua wiki tatu kukubali.

“Haya, nimekubali. Nibebe nguo gani?” alimuuliza kwenye simu.

“Ile ya kijani. Ile inayonipotezea njia.”

“Muongo wewe! Na mama nitamwacha na nani?”

“Hilo niachie mimi, mpenzi.”

Akamwachia. Muuguzi aliishi na mama yake ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti, na tangu kiharusi kimlegeze upande mmoja mama alikuwa hajashuka ngazi zile mwaka na nusu. Dunia yake ilikuwa dirisha, redio na simu.

Jumatatu ya wiki ya safari, ratiba mpya ikiwa mezani inasubiri kubandikwa, simu ya muuguzi ikaita.

“Dada, hoteli hapa. Bwana hapatikani, naona na namba yako imeandikwa. Nathibitisha tu: chumba cha chini, watu watatu, tuongeze kitanda kidogo cha tatu.”

“Watatu? Huyo wa tatu ni nani?”

Zikasikika karatasi zikipekuliwa. “Lo! Hapa pameandikwa dada asiambiwe. Nisamehe dada yangu, sikuona.”

Mtoto. Moyo wake ulilipata jibu kabla akili haijaamka, maana aliwahi kupenda mwanamume miaka mitatu mizima, na mwaka wa nne ndipo akatambulishwa kwa mtoto wake. Hakutaka kuuliza, hakutaka kuelezwa. Akachukua kalamu, akafuta jina lake kwenye mapumziko ya Jumamosi na Jumapili, akaandika la muuguzi mdogo kuliko wote, akaibandika ratiba ukutani. Kisha akaifungia namba ya Fundi.

Jioni alimkuta mama amelaza gauni la maua mapajani, anahangaika kutia kifungo kwa mkono wake mmoja mzima.

“La wapi hilo, mama?”

“Naangalia vifungo tu. Jumamosi si unapumzika, mwanangu?”

“Nimejiweka kazini.”

“Haibadilishiki?”

“Mama, si unanijua? Ikishabandikwa imebandikwa.”

Mama akalikunja gauni taratibu. “Haya, mwanangu. Kazi ni kazi.”

Alhamisi Fundi akatokea wodini, macho mekundu, ndevu siku tatu hazijanyolewa.

“Umenifungia simu. Nimekosa nini?”

“Kamuulize mwanao.”

“Mwanangu yupi?”

“Wa kitanda cha tatu!”

Fundi akashika ukuta. “Kile ni cha mama yako. Aliniambia tangu azaliwe hajaiona bahari. Nikamwahidi nitambeba mgongoni ngazi zote. Tulitaka umkute kwenye gari, ushtuke. Hata gauni lake la maua keshalitia kifungo.”

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo, muuguzi alikwenda kuomba ratiba ivunjwe. Muuguzi mdogo akainamisha kichwa: “Dada, Jumamosi wakwe wanakuja nyumbani. Nimeshawaita.” Wengine wote walikuwa zamuni siku hizo, ila wawili walio likizo na mmoja aliyejifungua juzi. Fundi alipojitolea kumpeleka mama peke yake, mama alicheka. “Niende baharini bila mwanangu, nikapige soga na nani? Tutakwenda mwezi ujao.”

Wakaahirisha wiki nne. Wiki ya tatu, Jumatano mchana, kiharusi cha pili kilimkuta mama amekaa dirishani, redio ikiimba. Binti yake alikuwa kazini.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, Fundi alibaki jikoni anaosha vikombe.

“Siku ile nilipomwambia nimejiweka kazini, mama hakulalamika hata kidogo,” muuguzi alisema. “Kwa nini hakuniambia?”

Fundi akakiweka kikombe chini. “Alinipigia jioni ileile, nikamwambia umenifungia simu. Akahisi umesikia habari za mtu wa tatu, akasema ukiuliza nikuambie kitanda kilikuwa cha mtoto wa dada yangu. ‘Hasira zitamwisha, safari mtaipanga upya. Lakini asijue nilikuwa nimeshajiandaa, atajilaumu maisha yake yote.’”

“Nawe ukaniambia.”

“Uliniangalia kama mwizi. Nilitaka ujue sina mtoto.”

“Ukajisafisha.”

“Nilikuwa nakupoteza, mpenzi!”

“Ungeniacha nikuchukie wiki mbili. Ningepoa tu, mimi hasira zangu nazijua. Hili la mama anatia kifungo kwa mkono mmoja, na mimi namwambia ikishabandikwa imebandikwa, nitalipeleka wapi?”

Fundi akapiga magoti palepale kwenye sakafu yenye maji. “Tuoane. Tulibebe wawili.”

Alimpenda. Alimpenda kuliko siku zote, na kila alipojaribu kumtazama alimwona mama. Akamfuta machozi kwa kiganja, akamwinua, akampa koti lake.

“Hukukosa peke yako, Fundi. Lakini siwezi.”

“Nije kesho?”

“Usije.”

Akamfungulia mlango. Alisimama pale akisikiliza hatua zake zikishuka ghorofa ya pili, ya kwanza, mpaka chini. Mara mbili zilisimama, zikingoja kuitwa. Hakuita.