Kufuli la Chumba cha Mwisho

Haya yalimkuta rafiki wa shemeji yangu, askari jela, na mimi sikumwonea huruma hata chembe.

Mfungwa wa chumba cha mwisho alikuwa na pumu. Siku nzima aligonga mlango kwa kikombe cha bati, akiomba apelekwe zahanati. Kutibiwa ni haki ya mfungwa, hata awe mwizi. Askari hakunyanyuka kitini. "Subiri zamu ijayo," alimjibu. Zamu ijayo ilimkuta amekufa, mwili umeshapoa, kikombe mkononi.

Juma lililofuata, mchana kweupe, mama wa marehemu akaja getini. "Nipeni hata blanketi la mwanangu," alisema. "Bila hilo siondoki."

Askari akatumwa. Alifungua chumba, akatia kufuli mfukoni, kama wafanyavyo askari wote wasije wakafungiwa ndani, kisha akainama kuokota blanketi na kile kikombe. Mlango ukajifunga nyuma yake. Chumba hakikuwa na dirisha. Giza likawa totoro. Halafu, upande wa nje, akasikia kufuli likibanwa.

Akapapasa mfukoni. Kufuli lilikuwemo, pamoja na ufunguo wake.

Akasukuma mlango, haukutikisika. Akaita wenzake mpaka sauti ikamkauka. Kifua kikaanza kumbana, yeye ambaye hata mafua hayamjui. Mwishowe akagonga kwa kikombe.

Kule koridoni kiti kikalia taratibu, kama mtu anajiweka sawa. Kisha sauti ya yule askari mwenyewe, isiyo na haraka yoyote, ikamjibu:

"Subiri zamu ijayo."